Nairobi hadi New York: safari moja, hesabu nne

Januari 2019, miezi michache baada ya ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways kati ya Nairobi na New York kuanza, familia moja ya Mombasa ilinijia na swali linalofaa kuchambuliwa hatua kwa hatua. Bi mkubwa wa nyumba, mwenye umri wa miaka sabini na kitu na ugonjwa wa sukari, alikuwa anakwenda New Jersey, jimbo jirani na jiji la New York, kumtazama binti yake aliyekaribia kujifungua. Hakuwahi kupanda ndege ya mbali zaidi ya Jedda, na Kiingereza chake ni cha salamu tu. Mjukuu wake ndiye aliyebeba makaratasi, na makaratasi yenyewe ndiyo yaliyomchanganya.

"Mjomba," akaniambia, "hizi hesabu hazikubaliani hata kidogo. Nimshike ipi?"

Tiketi ilisema ndege inaondoka Nairobi saa tano na dakika 25 usiku na kufika New York saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Ukihesabu kwa vidole ni muda wa saa 7. Tovuti ya kupimia umbali ilimpa kilomita 11,840 na muda wa saa 13 na kidogo. Matangazo ya shirika yalisema saa 15. Tiketi ya kurudi ndiyo iliyomtisha zaidi: kuondoka saa sita na dakika 25 mchana, kufika kesho yake saa nne na dakika 55 asubuhi, yaani saa 22 na nusu. Kijana alikuwa anajiuliza kama bibi yake atakaa angani siku nzima. Dirisha la pili la simu yake lilikuwa na tiketi nyingine ya bei nafuu kupitia Dubai, na familia ilikuwa inaegemea huko.

Hesabu zote nne zilikuwa sahihi. Kila moja ilipima kitu chake, na hakuna hata moja iliyopima kile familia ilichohitaji kujua.

Tuanze na ya tovuti, kwa kuwa wengi huishia hapo. Kilomita 11,840 ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta na uwanja wa John F. Kennedy. Njia hiyo haifanani na ile ambayo mtu angeichora kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Rula ingekupitisha Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, Mali na Mauritania kabla ya kuingia baharini, na ungekuwa umetembea kama kilomita 12,190. Chukua tufe la shule, funga uzi Nairobi, uvute mpaka New York ukaze. Utauona uzi unaelekea kaskazini magharibi tangu mwanzo: unapita jirani na Mlima Elgon, unakata Uganda ya kaskazini, unaingia Sudan Kusini, unagusa pale Sudan, Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati zinapokutana, kisha Niger, Algeria, karibu na Marrakesh, halafu bahari. Huko Atlantiki uzi unapita kaskazini kidogo ya visiwa vya Azores na kupanda hadi latitudo ya 42 kabla ya kushuka tena New York. Mtu wa Mombasa akiambiwa kwamba njia ya kwenda Marekani inapita Sahara badala ya Kongo hustaajabu, lakini uzi hausemi uongo.

Tovuti ikishapata umbali huo inaugawanya kwa mwendo wa kawaida wa ndege kubwa, kilomita 900 kwa saa. Jibu ni saa 13 na dakika 9. Hesabu ni safi, ila inachukulia kwamba ndege imezaliwa ikiwa tayari angani, inaruka kwa mwendo mmoja ndani ya hewa tulivu, kisha inatoweka juu ya New York. Haina muda wa kujikokota kwenye njia za uwanjani, haina kupanda, haina kuzungushwa hewani kusubiri zamu ya kutua, na zaidi ya yote haina upepo.

Upepo ndio mzizi wa kisa hiki. Juu kabisa, ndege inaporuka kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Karibu na ikweta haina nguvu ya maana, kwa hiyo robo ya kwanza ya safari hii ni shwari. Lakini kuanzia Sahara na kuvuka Atlantiki ya kaskazini, ndege inaingia kwenye ukanda wake hasa, na wakati wa baridi ya kaskazini, Januari ikiwemo, ndipo mikondo hiyo huwa na nguvu zaidi. Kitovu chake huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda New York anakutana nao usoni. Anayerudi unamsukuma mgongoni.

Chukua makadirio ya kawaida tu: tuseme wastani wa upepo kwa safari nzima ni kilomita 70 kwa saa. Kwenda, mwendo halisi juu ya ardhi unashuka hadi 830, na kilomita 11,840 zinachukua saa 14 na dakika 16. Kurudi, mwendo unapanda hadi 970, na umbali uleule unachukua saa 12 na dakika 12. Tofauti imepita saa mbili, na barabara ni ileile. Kuna jambo jingine dogo ndani ya hesabu hiyo ambalo kijana alilipenda sana: upepo wa mbele ulikula dakika 67, ule wa nyuma ukarudisha 57 tu. Upepo hauwalipi wasafiri wa kwenda na kurudi sawa kwa sawa, kwa sababu unapopingana na wewe unakaa ndani yake muda mrefu zaidi.

Ongeza sasa dakika za ardhini na za kupanda na kushuka, utaikuta saa 15 ya shirika. Ratiba hupima kuanzia magurudumu yanapoanza kusogea kutoka kwenye lango la kuondokea hadi yanaposimama kwenye lango la kufikia. Ndiyo maana tiketi ya kurudi, pamoja na upepo wote wa nyuma, bado ilikuwa na muda halisi wa saa 14 na nusu, kama tutakavyoona punde. New York ni uwanja wenye foleni ndefu za ndege, na Januari kuna siku ambazo barafu lazima inyunyiziwe dawa na kuondolewa mabawani kabla ya kuruka. Mpangaji wa ratiba anaweka akiba. Ukiona ratiba ina muda mrefu kuliko hesabu yako, usidhani wamekosea.

Hizo saa 7 na saa 22 na nusu ni kazi ya saa za ukutani. Nairobi iko saa tatu mbele ya saa ya Greenwich, ile inayotumiwa kama kipimo cha dunia nzima, mwaka mzima. New York iko nyuma ya hiyo ya Greenwich saa tano wakati wa baridi, na saa nne kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa kuwa wao husogeza saa zao. Tofauti kati ya miji hii miwili basi ni saa 8 wakati wa baridi na saa 7 majira mengine. Januari ni 8. Jumlisha 8 kwenye zile 7 za tiketi, unapata 15. Toa 8 kwenye zile 22 na nusu, unapata 14 na nusu. Hesabu za kijana zikakaa sawa papo hapo, na uso wake ukalegea.

Nilimsisitizia jambo lingine: tiketi zote huandikwa kwa saa 24 za mji husika. 23:25 ya Nairobi na 06:25 ya New York. Nyumbani tunaposema saa tano usiku kila mtu anaelewa, lakini anayempokea bibi New Jersey akisikia "anafika saa kumi na mbili asubuhi" kwa simu yenye mikwaruzo, anaweza kuandika 12 na kwenda uwanjani adhuhuri. Tukamtumia binti picha ya tiketi yenyewe.

Hapo tukafika kwenye uamuzi, na hapa ndipo umbali unapodanganya vibaya zaidi. Tiketi ya Dubai ilivutia kwa bei, na pia kwa wazo kwamba "ataikata safari katikati apumzike". Nikachukua kalamu. Nairobi hadi Dubai ni kama kilomita 3,550. Dubai hadi New York ni kama 11,010. Jumla 14,560, yaani kilomita 2,720 zaidi ya njia ya moja kwa moja, au muda wa saa 3 za kuruka. Lakini tazama kile kipande cha pili: kilomita 11,010. Ni pungufu ya njia ya moja kwa moja kwa kilomita 830 tu, chini ya saa moja angani. Bibi asingeikata safari katikati hata kidogo. Angeruka saa tano kwenda upande usio wake, angeshuka, angesubiri, angepanda ndege nyingine, halafu ndiyo angeianza ile safari ndefu aliyokuwa anaikimbia. Kwa mzee mwenye sukari na miguu inayovimba, huo si mpumziko.

Nilimpa na mfano wa London ili aone kinyume chake. Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,840, London hadi New York 5,540. Jumla 12,380. Zidio ni kilomita 540 tu, dakika 36 za kuruka. London imekaa karibu na ule uzi wa kwenye tufe kuliko Dubai, na inagawa safari karibu nusu kwa nusu. Anayetaka kweli kupumzika katikati, njia ya Ulaya ndiyo inayompa. Hata hivyo safari ya London haiongezeki kwa dakika 36. Inaongezeka kwa masaa, kwa sababu ya kushuka, ukaguzi, kubadilisha jengo na kungoja. Kilomita 540 angani ni kitu kidogo sana ukilinganisha na mzee aliyekaa kwenye kiti cha chuma cha uwanja wa ndege asiyejua aelekee wapi.

Kwa bibi huyu nilipendekeza ndege ya moja kwa moja, na ninaitetea rai hiyo hadi leo. Sababu yangu ya kwanza haikuwa muda. Ilikuwa kwamba wahudumu wangemwelewa akiomba maji, akisema miguu inauma, akiuliza kama chakula kina sukari. Kiti cha magurudumu kingeagizwa mara mbili tu, Nairobi na New York, pasipo kituo cha tatu ambako kingeweza kuchelewa. Bei ilikuwa juu, sikuificha. Familia ilikaa, ikashauriana, ikachangishana.

Watu huuliza kwa nini safari hii ilichelewa kuwapo hadi 2018, wakati ndege za umbali huo zilikuwapo zamani. Sehemu ya jibu ni ya kisheria: mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilikuwa haijaipa Kenya daraja la kwanza la usalama, na daraja hilo lilipatikana Februari 2017. Bila hilo, shirika la Kenya haliwezi kupeleka ndege yake huko. Baada ya vibali kukamilika, Kenya Airways ilizindua safari tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege ya Boeing 787-8 yenye viti 234.

Sehemu nyingine ni ya maumbile ya Nairobi yenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Bawa linahitaji hewa ili kuinua, injini inahitaji hewa ili kusukuma, na zote mbili zinapata kidogo. Ndege iliyojazwa mafuta ya kuvuka Atlantiki lazima ikimbie kwa kasi kubwa zaidi kabla ya kuinuka, ndiyo maana barabara ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita nne si anasa. Shirika lilitangaza kwamba kila safari inahitaji kama tani 85 za mafuta, marubani wanne wanaopokezana na wahudumu 12. Na mafuta yenyewe yana uzito, hivyo sehemu ya mafuta huchomwa kwa kazi ya kubeba mafuta mengine. Upepo wa mbele ukiongezeka, mafuta lazima yaongezwe, na ikiwa ndege imefika ukomo wake wa uzito, kinachopungua ni mizigo au abiria. Kuondoka usiku kunasaidia: hewa ya Nairobi usiku ni baridi, na hewa baridi ni nzito. Anayerudi hana shida hiyo, kwa kuwa New York iko usawa wa bahari.

Nilieleza haya kwa familia kwa sababu moja. Wakiambiwa uwanjani kwamba sanduku la ziada halipiti, au litafuata na ndege ya kesho, wasidhani wanaonewa. Bibi alikuwa amejiandaa na vikapu vya viungo, halua na kanga za mtoto mchanga. Tukavipima nyumbani kwa mizani.

Yaliyobaki yalikuwa ya mwili na ibada, na hayo bibi mwenyewe ndiye aliyeyauliza, akiwa amekaa kimya muda wote.

La kwanza lilikuwa dawa. Siku ya safari kwake ingekuwa na saa 32, kutoka asubuhi ya Mombasa hadi asubuhi iliyofuata ya New York. Dawa za sukari zilizopangwa kwa siku ya saa 24 haziwezi kufuata saa ya ukutani ya mji anaofikia. Nikamwambia hilo si langu, aende kwa daktari wake na ratiba mkononi, saa zikiwa zimeandikwa kwa Nairobi na kwa New York. Alikwenda, akarudi na karatasi iliyopangwa dozi kwa saa za Nairobi hadi atakapofika, dawa zote ndani ya mkoba wa mkononi. Pia aliambiwa asikae kitako saa zote 15: anyanyuke, atembee kwenye ujia, anywe maji, achezeshe vifundo vya miguu, kwa kuwa kukaa muda mrefu huweza kugandisha damu miguuni.

La pili lilikuwa swala ya alfajiri. Nairobi jua la Januari huzama kama saa kumi na mbili na dakika 40 jioni. New York huchomoza kama saa moja na robo asubuhi, ambayo Nairobi ni saa tisa na robo alasiri. Ndege inapoelekea magharibi inaikimbia asubuhi, kwa hiyo usiku wake bibi ungekuwa na urefu wa zaidi ya saa 20, na safari yote ingekuwa ndani ya giza. Saa ya mkononi mwake ikisema alfajiri ya Mombasa imefika, ndege bado iko juu ya Algeria na huko ni usiku wa manane. Alfajiri ya kweli ingemkuta karibu na kutua, na jua lingechomoza wakati huenda yuko kwenye foleni ya uhamiaji. Tukapanga atie udhu kabla ya wahudumu kuwataka abiria wafunge mikanda ya kutua, na asali kitini pake. Wakati wa kurudi mambo yanageuka: jua linazama mapema, saa mbili hadi tatu tu baada ya kuondoka, na usiku ni mfupi, wa saa nane au tisa.

La tatu ni lile ambalo hakuna tovuti ya umbali inayolihesabu: Mombasa hadi Nairobi. Mjukuu alitaka kumpandisha bibi treni ya saa tisa alasiri, ambayo kwa kawaida hufika Nairobi baada ya saa mbili usiku. Kituo kiko Syokimau, si mbali na uwanja, na kwenye karatasi inaonekana kama atawahi. Lakini abiria wa safari ya nje hutakiwa kuwa uwanjani saa tatu kabla, yaani saa mbili na dakika 25 usiku. Treni ikichelewa nusu saa, msongamano wa barabara ukiongeza nusu nyingine, mzee anaingia uwanjani akihema. Nilikataa. Aliondoka kwa treni ya asubuhi, akafika mchana, akalala kidogo kwa dada yake Nairobi, akala, akasali magharibi na isha kwa utulivu, ndipo akapelekwa uwanjani.

Ukizijumlisha zote, kutoka mlangoni kwake Mombasa hadi mlangoni kwa binti yake New Jersey, ilikaribia saa 35. Kati ya hizo, zile 13 za tovuti hazifiki hata nusu. Kurudi ndiko kulikokuwa kwepesi: ndege ya saa nne na dakika 55 asubuhi inaacha nafasi ya kutosha kwa uhamiaji na mizigo, na treni ya saa tisa alasiri kutoka Nairobi, saa ileile niliyoikataa wakati wa kwenda, ndiyo niliyomkatia.